Kipandio cha Nane

Mtaa wa Kimondo, nyuma ya Buruburu
Nairobi
12 Machi 1979

Kwa Bwana Bedan,

Salamu nyingi kutoka kwa Makau wa pampu. Sisi hapa ni wazima. Mimi nasema na mke wangu, mama Mbithi, anaandika, kwa hivyo ukiona herufi nzuri usidhani nimerudi shule. Anakusalimu, na anauliza kama huko Mombasa umepata wa kukupikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ama bado unakula samaki kila siku kama paka. Hayo ni maneno yake, mimi nimecheka tu.

Sababu ya barua ni ile pampu uliyotufungia mwezi wa kwanza. Kijana wangu, pampu yako inasaga mawe. Saa kumi na mbili asubuhi naiwasha tangi la chini likiwa limejaa, inakwenda vizuri hata unaweza kulala karibu nayo. Ikifika kama saa tatu, inaanza: ka, ka, ka, ndani ya chuma, utadhani mtu anamimina kokoto kwenye paipu. Geji inatetemeka, na maji yanayopanda tangi la juu yanapungua. Nimeizima, nimeifungua. Hakuna kokoto, hata mchanga hakuna.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, Bwana Laban, anasema nimeiharibu kwa kutojua. Mimi nimelinda pampu miaka kumi na saba, tangu nikikaa Kaloleni ya hapa Nairobi, na wewe mtoto wa Kaloleni unajua watu wa kule hawachezi na kazi. Yale uliyonifundisha kwa chupa ya soda na mrija, kwamba pampu haivuti maji bali hewa ndiyo inayoyasukuma kutoka chini, niliwaambia watu hapa wakanicheka. Sasa pampu inasaga mawe na wao wanacheka zaidi.

Nijibu upesi. Nikijua la kufanya, nitalifanya siku hiyo hiyo.

Ni mimi,
Makau


Mtaa wa Kimondo
20 Aprili 1979

Kwako Teresiah, jirani yangu wa zamani,

Pole yako niliipata. Hukuweza kufika Kangundo kwa mazishi na sina neno nawe, kutoka Nakuru si karibu, na una mtoto mchanga. Lakini umeniuliza Makau alikufa vipi, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Barua ya Bedan, yule kijana wa kampuni ya pampu, ilifika kutoka Mombasa tarehe 22 Machi. Makau alikuwa anakula. Unajua nambari alizijua sana na herufi zilimshinda, kwa hivyo nikamsomea. Bedan alisema ile sauti ya kokoto ni uchafu, kwamba kichujio kilicho mwisho wa paipu, chini kabisa ndani ya tangi, kimeziba. Aache maji yapungue, azime pampu, ashuke ngazi akakisafishe. Makau akaniambia, “Rudia hapo pa kushuka.” Nikarudia. Akachukua barua akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati ili asisahau kitu akiwa kule chini. Na kusoma hawezi. Nilimcheka, Teresiah. Kicheko cha mwisho nilichompa ni hicho.

Kesho yake saa nne alishuka. Alifika, akakifungua kichujio, na wakati wa kupanda, kipandio kimoja kilichokuwa kimeliwa na kutu kikakatika. Maji yalikuwa ya kufika kiunoni tu, lakini aligonga kichwa. Walimtoa saa saba, kichujio kikiwa bado mkononi. Nilikishika mimi mwenyewe. Kilikuwa kisafi. Hapakuwa na jani, hapakuwa na tope, hapakuwa na chochote.

Ile barua ilitoka mfukoni mwake ikiwa karatasi ya buluu. Wino wote ulikuwa umekwenda.

Sasa sikiliza walichoandika kwenye kitabu cha kamati. Laban ameandika kwamba Makau aliingia tangini bila kutumwa na mtu, akiwa amekunywa. Eti jana yake usiku alionekana kule soko la Burma, kwenye nyama choma na pombe. Kweli alikuwa Burma, walikula nyama kumuaga mwenzao anayestaafu, na alikunywa Fanta mbili, mimi ndiye niliyemfungulia mlango na najua harufu ya mume wangu. Nikawaambia alitumwa kwa barua. Wakasema, ilete. Nikawapa ile karatasi ya buluu. Laban aliigeuza huku na huku akanirudishia. Na kule Kangundo kaka yake aliyasema hayo hayo ya pombe mbele ya kaburi, watoto wa ukoo wote wakisikia, Mbithi wangu akisikia.

Kwa hivyo nimeamua. Nitamwandikia Bedan kwa jina la Makau. Mwandiko ni ule ule, hawezi kujua. Nikimwandikia kama mjane ataogopa na atanyamaza. Akidhani ni Makau hataogopa. Nataka aandike tena ile sentensi, kwa wino, aitie sahihi.

Na kuna neno siwezi kumwambia mwingine. Bedan yuko Mombasa, Makau hakuwahi kuisikia sauti yake siku ile. Sauti aliyoisikia ikimwambia shuka ni yangu. Naisikia kila siku nikiosha vyombo, na nasikia vile niliirudia polepole ili aelewe vizuri. Nataka kujua kama kulikuwa na haja yoyote ya yeye kushuka.

Pampu bado inasaga mawe. Mlinzi mpya, mzee Simiyu, ikianza anavaa kofia anatoka nje. Anasema mwenyewe amerudi kudai. Na wanawake wa mtaa siku hizi hawafungui mfereji kabla ya kusema, “Hodi, Makau.”

Rafiki yako,
Kavutha


Mtaa wa Kimondo
2 Mei 1979

Kwa Bwana Bedan,

Salamu kutoka nyumbani kwa Makau. Mama Mbithi ndiye anaandika, kama kawaida.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilifika. Lakini iliingia maji ikiwa ndani ya mfuko wa shati, na maneno yakafutika yote. Pampu bado ina ile sauti. Naomba uniandikie tena vile ulivyosema nifanye, neno kwa neno kama unakumbuka, na uweke tarehe ya ile ya kwanza ili kamati ijue ulijibu lini.

Ni mimi,
Makau


Mombasa
9 Mei 1979

Mzee wangu Makau,

Nimecheka peke yangu hapa ofisini mpaka karani akaniuliza kuna nini. Mtu wa pampu analowesha barua! Ningekuwa karibu ningekuletea ya bati.

Usijali, nakala ninayo kwenye faili. Tarehe 19 Machi 1979 nilikuandikia hivi: “Sauti hiyo ni ya kichujio kilichoziba. Subiri maji yapungue, zima pampu, kisha shuka tangini ukifungue na kukisafisha kwa brashi ya waya. Kukirudisha, kaza kwa mkono tu.” Ni hayo. Nimetia sahihi hapa chini mara mbili, moja ya mwezi wa tatu na moja ya leo, ili Bwana Laban asikusumbue.

Lakini sijaelewa jambo moja. Kama barua ilikuwa kwenye mfuko wako na ikalowa, basi ulishuka? Ulikuta nini? Na kama ulisafisha, sauti inatoka wapi tena?

Mwambie mama Mbithi samaki nimeanza kuwapenda, na hilo linanitia hofu kuliko pampu. Wenzangu hapa wananiita mtu wa bara. Jioni nikikaa peke yangu nakumbuka zile siku nne nilizokula kwenu, na zile hadithi zako za Kaloleni ya zamani, ambazo baba yangu hakuwahi kunipa kwa sababu alikuwa mtu wa kunyamaza. Niandikie hata kama hakuna kasoro.

Wako,
Bedan


Nakuru
17 Mei 1979

Kavutha,

Kwa hivyo umeipata. Amekiri kwa mkono wake kwamba alimtuma. Ipeleke kwa kamati, wafute uongo wao, ukamlilie mume wako kama wanawake wengine wanavyolia. Unangoja nini tena?

Nakwambia kama dada, hilo jambo la kumwandikia mtu kwa jina la marehemu linanipa baridi. Usiku, kwenye nakala uliyonitumia, nilisoma pale kijana anapomwambia Makau “niandikie hata kama hakuna kasoro” nikashindwa kuendelea. Yeye anamngoja. Na wewe kila ukiandika “ni mimi, Makau” sijui ni nani unamwamsha. Acha.

Teresiah


Mtaa wa Kimondo
28 Mei 1979

Kwa Bwana Bedan,

Barua yako imefika, na imehifadhiwa pakavu.

Umeuliza ndani ya tangi kulikutwa nini. Kichujio kilitolewa na kilikuwa kisafi. Hakikuwa na kitu.

Sasa nakupa nambari, kwa sababu wewe ni mtu wa nambari. Tumekuwa tukienda kwenye pampu kila asubuhi kwa siku kumi na tano, na mfuniko wa tangi ukiwa wazi tunahesabu vipandio vya ngazi vinavyotokeza juu ya maji. Tangi likijaa, hakuna hata kimoja kinachoonekana, na pampu iko kimya. Kikitokeza cha kwanza, kimya. Cha tano, kimya. Cha saba, kimya. Kipandio cha nane kikitokeza tu, kokoto zinaanza. Siku zote kumi na tano ni cha nane. Siku moja maji ya mtaa yalichelewa, tangi likajaa nusu tu, tukaiwasha mchana. Ikawa cha nane vile vile. Mzee Simiyu, ambaye sasa anasaidia na pampu, amesema tangu wiki ya kwanza ya pampu hii mlinzi wake alikuwa akilitaja hilo la ngazi, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Kama ni uchafu, Bwana Bedan, uchafu si huongezeka? Leo ungeanza cha nane, wiki ijayo cha saba, mwezi ujao cha sita. Huu hauongezeki wala haupungui. Kuna nini pale kwenye cha nane?

Usinijibu haraka haraka kama mara ya kwanza. Fikiria kwanza.

Ni mimi,
Makau


Mombasa
20 Juni 1979

Mzee Makau,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Uliniambia nisijibu haraka, na ulisema kweli.

Kipandio cha nane hakikuniacha nilale. Nilitoa faili yako, nikatandaza fomu ya hesabu mezani, nikaangalia mstari kwa mstari. Nitakuonyesha kama nilivyokuonyesha kwa soda. Hewa iliyo juu ya maji ndiyo inayoyasukuma yapande kwenye paipu mpaka mlangoni kwa pampu. Hapa Mombasa hewa ina nguvu ya kuyasukuma mita 10.3. Katika hizo unatoa 0.4 ya joto la maji, unatoa 0.7 inayopotea kwa kusuguana na paipu, unatoa mita 5 za kuyapandisha tangi likiwa karibu kuisha. Zinabaki 4.2. Pampu yako inadai ipewe 3.5. Nikaona inatosha na inabaki chenji, nikatia sahihi.

Fomu zetu, Mzee, zimepigwa chapa huku huku, na mstari wa kwanza huwa umejazwa tayari: hewa, 10.3. Kazi zetu zote ni za pwani, hakuna anayeugusa mstari ule. Mimi nilianza kujaza kutoka wa pili. Nairobi iko juu kuliko Mombasa karibu mita elfu moja na mia saba, na kule hewa ni nyepesi, nguvu yake ni 8.5 tu. Mimi nimezaliwa Kaloleni, nimekua nikivuta hewa hiyo hiyo, na nikasahau kwamba kwetu ni juu.

Fanya hesabu upya kwa 8.5. Toa 0.2 ya joto, maji ya huko ni baridi zaidi. Toa 0.7 ya paipu. Toa 3.5 ambazo pampu inadai. Zinabaki 4.1. Maji yakishuka chini ya pampu zaidi ya mita 4.1, pampu haipati haki yake, na hapo maji huchemka ndani yake yakiwa baridi. Yanatoa viputo, na viputo vikipasuka juu ya chuma ndiyo hizo kokoto zako. Nilichukua mchoro wa tangi nikapima vipandio kwa rula. Cha nane kiko mita 4.1 chini ya pampu.

Kichujio hakikuhusika kamwe. Nilikushusha bure. Namshukuru Mungu ulirudi juu salama, kwa sababu nilipokuja mwezi wa kwanza niliiona kutu kwenye ile ngazi, nikasema nitaiandika kwenye ripoti, na sikuiandika.

Ninakuomba jambo kama mtoto kwa baba. Hili libaki kati yetu. Nimetajwa kupandishwa cheo mwezi wa nane, na jambo hili likijulikana nimekwisha. Nitatafuta sababu nyingine ya kuja kuishusha pampu kwenye shimo, iwe karibu na maji, na itanyamaza. Wewe kwa sasa zima kabla cha nane hakijatokeza.

Mzee, unajua nimekosa nini siku hizi? Utani wako. Barua zako zimekuwa kavu. Kama nimekuudhi kwa lolote, sema.

Bedan


Mtaa wa Kimondo
1 Julai 1979

Bwana Bedan,

Anayeandika ni Kavutha, mama Mbithi, na safari hii hakuna anayeniambia niandike nini.

Mume wangu Makau alikufa tarehe 23 Machi mwaka huu, ndani ya tangi, siku moja baada ya barua yako kufika. Alishuka, akakifungua kichujio kama ulivyomwambia, na kipandio cha kutu kikakatika akiwa anarudi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwake, ndiyo maana ililowa. Kila barua uliyopata tangu hapo ni yangu. Nilijitahidi nisiandike uongo ndani yake, rudi uzisome utaona, ila pale mwisho palipo na jina. Utani umekosekana kwa sababu mwenye utani hayupo. Mimi nilijaribu nikashindwa.

Nilipanga nikuchukie, na nimekuchukia. Pale uliposema “nilikushusha bure” nilikuwa nimesimama jikoni, nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimetaka sana kuambiwa kulikuwa na haja. Hata haja ndogo. Na pale uliposema unamshukuru Mungu alirudi salama, Bwana Bedan, nilipiga kelele mpaka jirani akaja.

Lakini wewe uliandika na mimi nikasoma. Alinisikia mimi. Alisema nirudie hapo pa kushuka, nami nikarudia vizuri, kwa sauti, kama mwalimu. Kwa hivyo tuko wawili. Nikikuchukia wewe peke yako nitakuwa nimejipendelea.

Kamati imeandika kwenye kitabu chao kwamba alikuwa amelewa na hakutumwa na mtu. Kaka yake amelisema hilo kaburini. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja na analijua hilo kama anavyojua jina lake. Nina barua zako mbili na ningeweza kuzipeleka kwa Laban kesho. Sikutaka zitoke kwangu kama kitu nilichokuibia kwa hila, ingawa ndivyo nilivyozipata. Nataka uandike mwenyewe, ukijua kwamba amekufa. Waandikie kamati. Waambie ulimtuma, waambie hesabu ilikosewa wapi, waambie na ya ngazi.

Hilo ni la kwanza. La pili ni langu mwenyewe, na ukiona ni wazimu, sawa.

Uandike upya ile barua ya tarehe 19 Machi. Ile ya kumjibu Makau. Uiandike vile ingepaswa kuwa, na tarehe iwe ile ile. Simiyu ananiambia Makau bado anakuja kila asubuhi kwenye kipandio cha nane, na sasa najua ni hewa na maji, umenieleza na nimeelewa. Lakini nikisikia zile kokoto nasikia mtu aliyeuliza swali na bado anangoja jibu. Nataka nimsomee. Pale pale mlangoni mwa tangi, kwa sauti hii hii.

Kavutha


Mombasa
14 Agosti 1979

Mama Mbithi,

Barua yako niliipata tarehe tano mwezi uliopita. Sitakudanganya, ya kwanza niliyoandika kukujibu ilikuwa ya kukana. Niliipiga kwa mashine, yenye anwani ya kampuni, ikisema kwamba barua za binafsi za mfanyakazi haziihusu ofisi. Ilikaa kwenye droo siku tisa. Halafu nikazisoma tena barua zote za Kimondo, kuanzia ile ya muthokoi, nikitafuta mahali alipoishia yeye na ulipoanzia wewe. Mwandiko ni mmoja, sikupata mpaka. Nikaichana ile ya kukana.

Nakala ya niliyoiandikia kamati iko humu ndani. Nimetaja jina langu, fomu, 10.3, ngazi, na tarehe. Nimesema Makau alitumwa, na aliyemtuma ni mimi. Nimesema pia kwamba yeye alikuwa wa kwanza kuona la kipandio cha nane, na kwamba pale alikuwa amefanya hesabu yangu kwa ngazi na kwa masikio, na akaipata, na mimi na karatasi zangu nikaikosa. Meneja ameisoma kabla haijatumwa. Cheo kimepewa mwingine, na kama nitabaki hapa sijajua bado.

Shimo la pampu litachimbwa mwezi wa tisa na nitakuja kulisimamia. Nikifika nitasimama nje ya lango mpaka uniambie niingie. Ukisema nirudi, nitarudi.

Ile nyingine iko kwenye bahasha yake ndogo. Nimeiandika mara nyingi sana kuliko ukubwa wake. Si yako, ni ya Makau, lakini najua ni nani atakayemsomea.

Bedan


Mombasa
19 Machi 1979

Mzee wangu Makau,

Barua yako imenifikia leo na nimekujibu leo, lakini nimehesabu kwanza.

Hujaharibu kitu. Pampu unailinda vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumfungia. Kosa ni langu. Nilihesabu hewa ya Mombasa nikaleta pampu Nairobi. Yale niliyokufundisha kwa chupa ya soda ni kweli, na aliyeyasahau ni mwalimu.

Angalia ngazi yako. Kipandio cha nane kikikaribia kutokeza, zima. Tangi likijaa tena, washa. Maji yatatosha kwa kubana bana mpaka nije kuishusha pampu yenyewe. Waliokucheka, waambie Bedan anasema wewe ndiye uliyekuwa sahihi.

Kichujio ni kizima, hakina uchafu wowote, na hakuna kazi yoyote yako kule chini. Nilipokuja niliona ngazi ina kutu. Funga mfuniko, urudi nyumbani, ukale chakula chako.

Usishuke.

Mama Mbithi, naomba urudie hapo.

Wako,
Bedan